Nordby Yatafuta Waamuzi

Nordby, Minnesota
14 Januari

Mdogo wangu Verdell,

Pokea salamu za huku kwenye theluji. Mimi mzima, ni magoti tu yanayonikumbusha umri. Shemeji yako Orlin hajambo. Anashinda ziwani ndani ya kile kibanda chake, anachungulia tundu la barafu tangu asubuhi, na jioni ananiletea samaki wa kumtosha paka, ingawa paka hatuna. Maren, mjukuu wangu, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na bado anacheza softiboli, gongo la kupigia mpira analala nalo. Kanisani tulikuwa na karamu ya samaki wa magadi, yule mkavu anayelowekwa hadi anakuwa kama uji. Watu mia mbili walimla, na hao hao mia mbili walisema hawampendi. Chapati za viazi zilikwisha mchungaji akiwa bado kwenye sala.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Waamuzi wamekwisha. Katika shule kumi na moja za ligi yetu wamebaki wanne, na wawili kati yao wana nyonga za bandia. Bwana Tostrud, mkuu wa michezo pale shuleni, alikuja nyumbani na keki. Nikajua kuna jambo, maana mtu yule hajawahi kupeleka keki popote. Akasema wasipopatikana waamuzi wapya sita kufikia Aprili, msimu wa softiboli wa wasichana unafutwa. Ofisi ya jimbo imetumia miaka mitatu kuchunguza kwa nini waamuzi wanaacha kazi, ikatoa ripoti ya kurasa themanini. Nikamuuliza ripoti imegundua nini. Akasema imegundua kwamba wazazi wanawapigia kelele. Nikamwambia hilo ningewaambia bure, bila hata kunywa chai yao.

Basi nimekubali kuwafunza hao wapya. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye meza ya kuandika alama, na kitabu cha sheria nakijua kama nilivyojua vipimo vya unga nilipokuwa mpishi wa shule. Lakini kusimama nyuma ya mdakaji, yeye akichuchumaa nyuma ya mpigaji, mpira ukikujia usoni, sijawahi. Wewe umesimama pale miaka thelathini na moja. Nielekeze, nianzie wapi?

Nakuandikia kwa posta kwa sababu namba yako ya simu ilikufa, na mpya hukunipa. Sikulaumu.

Dada yako,
Arlys


Yuma, Arizona
6 Februari

Dada Arlys,

Salamu zimefika, nashukuru. Nami sijambo. Huku ni jua. Jana jua, leo jua. Mtangazaji wa hali ya hewa analipwa mshahara kamili kwa kusema neno moja. Nimepanda michungwa miwili mbele ya nyumba yangu ya magurudumu. Jirani yangu wa kulia ni rubani mstaafu, wa kushoto ni mke aliyeachana naye, na mimi niliye katikati ndiye posta yao. Msalimie Orlin. Msalimie Maren.

Kuhusu hilo ulilouliza, mambo ya softiboli niliyaacha, na unajua hivyo. Waamuzi wakikosekana, wasichana watapumzika, na wazazi nao watapumzisha makoo.

Kaa salama.
Verdell

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Wafundishe kusimama kwanza. Watu hudhani kazi ya mwamuzi ni kuona. Kazi yake ni kuwahi kusimama mahali ambapo anaweza kuona. Kuona huja kwenyewe.


Nordby
15 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma, na yale maneno ya mwisho nimeyaandika ubaoni. Huku wazima. Orlin ameanguka kwenye barafu akavunja thermosi, si mfupa. Thermosi ndiyo aliyoililia. Binamu yetu Gudrun amebadilisha rangi ya nywele, na kanisa zima limeamua kutoona.

Tumeanza mafunzo katika ukumbi wa michezo wa shule, kwa kuwa uwanja bado uko chini ya theluji. Wamejitokeza sita, kiasi kile kile kinachotakiwa, kwa hiyo hata mmoja akipata mafua msimu umeharibika. Yupo daktari wa meno. Wapo wakulima wawili wa viazisukari, ndugu, ambao hawasemi neno mpaka waangaliane. Yupo kijana wa benki. Yupo Delphine Orvik, aliyefundisha chekechea miaka arobaini. Delphine ana jicho zuri kuliko wote, ila mpigaji akikosa mpira yeye humwambia, "Straiki, mpenzi, lakini umejitahidi sana."

Ofisi ya jimbo imetuletea boksi. Ndani mna kofia moja ya wavu wa chuma kwa watu sita, na mwongozo. Sura ya saba ya mwongozo inaitwa "Kupokea Maoni ya Jamii kwa Ustahimilivu." Maoni ya jamii, nimekuja kugundua, ni matusi. Wanasema mwamuzi anapotukanwa atabasamu tabasamu lisilo na dharau wala unyonge, na wameweka picha tatu: tabasamu la dharau, la unyonge, na lililo sahihi. Tumezitazama kwa kioo cha kukuzia. Ni picha moja, imechapishwa mara tatu.

Wa sita nimemwacha mwisho makusudi. Ni Rolf Skarstad, yule mwenye duka la matairi.

Najua. Nami nilitaka kufunga mlango. Alikuja kafunga mikono kifuani, akasema amechoka kukaa jukwaani akifanya kazi ya waamuzi bila malipo, sasa anataka kuwaonyesha watu namna inavyofanywa. Nikamvisha kofia, nikamweka nyuma ya mdakaji. Maren akarusha mipira kumi. Rolf alifumba macho kwa mipira yote kumi. Nilipomuuliza, akasema ni vumbi. Verdell, ule ukumbi una sakafu ya mbao iliyopigwa nta.

Nifanye nini na mtu anayefumba macho?

Arlys


Yuma
27 Februari

Dada,

Natumaini thermosi ya Orlin imezikwa kwa heshima. Huku mchungwa mmoja umetoa maua, na rubani ameniomba nimwambie jirani wa kushoto kwamba redio yake inapiga kelele. Nimemwambia. Amejibu kwamba redio ni ya rubani, aliisahau alipohama.

Rolf Skarstad. Nimeliandika jina lake nione kama mkono utakataa. Mtu yule alinipigia simu mara kumi na tisa kwa wiki moja. Ya mwisho hakusema kitu, alipumua tu. Ndiye aliyezungusha ile barua ya kutaka nifukuzwe, akaiweka hadi kwenye kaunta ya duka lake, watu wakawa wanatia sahihi wakisubiri matairi.

Anayefumba macho hatibiwi kwa kukemewa. Mvishe kofia, mkalishe kwenye kiti, umtupie soksi zilizokunjwa usoni. Si mipira, soksi. Mia mbili kwa siku. Jicho likishajua kwamba wavu unazuia, linaacha kuogopa. Mwambie ataje rangi ya kila soksi kabla haijamgonga. Siku atakapotaja rangi zote, yuko tayari.

Delphine mwache na "mpenzi" wake. Mchezo wa tatu utamtoa neno hilo mdomoni.

Wafundishe pia kusubiri. Mkimbiaji akiteleza kwenye kibao cha nyumbani, mbio zinapoishia na alama kupatikana, kila mtu uwanjani anataka jibu upesi, na mikono yako nayo inataka kujibu. Isubirishe. Hesabu moja, ndipo uite, salama au nje. Uamuzi uliochelewa kidogo haumuumizi mtu. Ulioharakishwa unaweza kukufuata hadi Arizona.

Umenisimulia mengi, ila jambo moja hukusema. Nordby ina watu elfu mbili. Kwa nini kazi hii umeichukua wewe?

Verdell


Nordby
12 Machi

Mdogo wangu Verdell,

Salamu. Theluji imeanza kuwa tope. Gudrun amerudia rangi yake ya zamani. Orlin amekitoa kibanda chake ziwani siku moja kabla barafu haijapasuka, anatembea mjini kama shujaa wa vita.

Soksi zimefanya kazi. Siku ya nne Rolf alitaja rangi zote, hata akasema moja ina tundu kidoleni. Kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule akifurahi bila mwingine kuumia.

Sasa nikueleze ya sura ya saba. Mwongozo unataka wanafunzi wazoezwe kelele kwa kutumia kanda ya sauti iliyorekodiwa na ofisi ya jimbo. Tuliiwasha. Sauti ya mwanamke mpole ikasema, "Mwamuzi, sikubaliani na uamuzi huo." Kisha ya mwanamume, "Nami pia." Hao ndugu wawili wa viazisukari waliangaliana, wakacheka hadi wakakaa chini.

Nikabandika tangazo dukani na kanisani: wanatakiwa watu kumi wa kujitolea kuwapigia waamuzi kelele, Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Kumbuka kwamba tangazo la kutafuta waamuzi lilikaa ukutani miezi minne likaleta sita. Hili lilikaa siku mbili. Walikuja arobaini na sita. Walikuja na mito ya kukalia, na kahawa, na mabakuli ya viazi na nyama ya kusaga kama vile ni msiba. Mtu mmoja kutoka mji wa jirani aliniuliza kama tutakuwa tunafanya kila Alhamisi. Mke wa mchungaji, ambaye kanisani sauti yake haifiki benchi la pili, alimwambia daktari wa meno maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa watu wa posta.

Walistahimili. Delphine alilia ndani ya kofia, lakini hakukosea straiki hata moja. Rolf alikuwa kijivu kama jivu. Aliponong'ona kuniuliza kama huwa ni hivi kila siku, nikamwambia hawa ni wa kujitolea tu, wenyewe hasa bado.

Ndipo mtu mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Mama yako angekuona angeona haya." Wote wakalidaka neno hilo, wakaliimba, wakalipigia makofi. Kumbe siku hizi ndio wimbo wa mji. Wanawaimbia waamuzi wote, wa kila shule. Watoto wa darasa la nne wanaambiana mtu akikosa hesabu. Hakuna anayekumbuka lilianzia wapi.

Nilikwenda kwenye swichi nikazima taa za ukumbi, nikawatangazia kwamba umeme umekatika.

Uliniuliza kwa nini mimi. Nitakujibu siku nyingine.

Arlys


Yuma
10 Aprili

Dada Arlys,

Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Sikuwa mgonjwa. Barua yako niliiweka juu ya jokofu, kila nikienda kuchukua maziwa inanitazama.

Wewe unakumbuka lile neno la mama lilianzia wapi, nami nakumbuka. Mei, mwaka juzi, nusu fainali ya kanda. Nilimwambia Tostrud haifai mimi kusimamia mchezo wa mjukuu wa dada yangu. Akasema hakuna mwamuzi mwingine na ofisi imeruhusu. Awamu ya mwisho, tumefungwa kwa alama moja, Maren yuko kituo cha tatu, cha mwisho kabla ya kibao, na mwenzake kituo cha pili. Mpira ukapigwa, Maren akakimbia, akateleza kwenye kibao, nikaita nje, wetu wa tatu na wa mwisho kutoka. Msimu wa Nordby ukaisha pale pale. Watu mia tatu walisimama, nami nilisikia sauti moja. Ile barua ya Rolf ningeivumilia, hata zile simu. Nilihama kwa sababu ya yale maneno ya mama, na kwa sababu ya aliyeyasema.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Sikuona. Maren aliteleza, vumbi likapanda, nikafumba macho. Baada ya miaka thelathini na moja, nilifumba macho kama Rolf. Nilisikia glovu ya mdakaji ikipiga mwili, nikakisia, nikaita kabla sijahesabu moja. Nilikisia msimu wa mwisho wa wasichana wanne waliokuwa wanamaliza shule, na mbio za mtoto wa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo huenda ulikuwa na haki. Huenda mama angeona haya kweli.

Michungwa inaendelea vizuri.

Verdell


Nordby
17 Aprili

Verdell,

Nimeisoma barua yako nimesimama kwenye sanduku la posta, miguu kwenye tope. Salamu utanisamehe, leo sina.

Meza ya alama iko upande wa kituo cha tatu, hatua tano kutoka kibao. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwako, vumbi lote lilikuja upande wako. Kwangu kulikuwa kweupe. Mkono wa Maren ulipita kando ya kibao. Haukukigusa. Nafasi ya kiganja kimoja. Mdakaji akamgusa na glovu, nawe ukaita nje, na ilikuwa nje.

Niliona. Niliandika "nje" kwenye kitabu cha alama kwa mkono wangu, sikuweka hata alama ya kuuliza. Kisha nikaweka kalamu chini, nikasimama, nikakwambia maneno yale mbele ya mji mzima. Sina sababu nzuri ya kukupa. Mtoto alikuwa amelala pale chini analia, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Ile barua ya Rolf nami niliitia sahihi, jina langu ni la pili kutoka juu. Wakati ule nilikuwa nahitaji matairi.

Ndiyo sababu nimechukua kazi hii. Nilidhani nikifundisha watu sita, kitu fulani kitalingana bila mimi kulazimika kukuandikia hili.

Jana nilimwita Maren jikoni nikamweleza. Nilijiandaa kwa machozi. Alikuwa anakula mkate na siagi ya karanga. Akasema, "Najua, Bibi. Mimi mwenyewe nilijua sikukigusa."

Nikamuuliza mbona siku zote hizo hakusema.

Akasema, "Hakuna aliyeniuliza."

Watu mia tatu walipiga kelele kwa niaba yake, Verdell, wakaandika barua, wakakufukuza mjini. Hakuna aliyemuuliza.

Mchezo wa kwanza umeahirishwa mara mbili kwa sababu ya theluji. Nitasimama nyuma ya kibao mwenyewe, kijana wa benki ana mafua.

Sitaki uniambie si kitu. Ni kitu.

Dada yako


Yuma
29 Aprili

Arlys,

Barua imefika. Nimeisoma. Sijui la kuandika, kwa hiyo siandiki.

V.


Nordby
24 Mei

Mdogo wangu Verdell,

Salamu za huku kwenye kijani, hatimaye. Mbu wameshafika, wamewahi kuliko wageni wa jiji. Orlin ameweka mashua majini, na samaki ni wale wale wa paka. Sikuulizi kitu. Nakusimulia tu yaliyotokea, usome ukipenda.

Tarehe tano nilikuwa nyuma ya kibao, Nordby wakicheza na watu wa ng'ambo ya mto. Delphine alikuwa kwenye vituo. Unajua ameacha "mpenzi"? Ilikuwa mchezo wa tatu, kama ulivyosema. Basi awamu ya nne nikaita straiki kwa mtoto wetu, jukwaa likaanza ule wimbo. Nilivua kofia nikageuka. Sikupanga, miguu ndiyo iliyopanga. Nikawaambia, "Wimbo huo niliutunga mimi. Nilimtungia ndugu yangu Verdell, mahali hapa, na nilikuwa nasema uongo. Maren hakugusa kibao. Niliona. Verdell aliita sawa."

Tostrud alitazama viatu vyake kama mtu anayesoma gazeti. Maren, aliyekuwa kituo cha kwanza, alinyanyua mkono kuonyesha kwamba ni kweli, na mama mmoja jukwaani akamwambia ashushe mkono atapoteza nafasi ya chuo. Nikasubiri waseme neno. Nilidhani kukiri mbele ya mji ni kama kwenye mahubiri, watu hulia, hukumbatiana. Baada ya dakika mzee mmoja akasema, "Sawa, tumesikia, mchezo uendelee." Awamu ya tano walikuwa wameshatunga wimbo mwingine, unanihusu mimi na uzito wangu. Una vina vizuri kuliko wangu.

Lakini wimbo wa mama haujaimbwa tena. Nimesikiliza.

Jingine ni la Rolf. Juzi kwenye mashindano ya kanda kulihitajika mwamuzi wa vituo kwa mchezo wa shule mbili za jirani, nikampeleka yeye. Awamu ya sita msichana alikimbilia kituo cha pili, Rolf akaita nje, na uwanja ukaripuka. Wakamwita kila jina. Mtu mmoja alisimama akaapa kwamba matairi atanunua mji mwingine hadi atakapokufa. Mke wa Rolf alikuwa jukwaani, na sitakuficha, naye alikuwa anapiga kelele. Alisema baadaye ni mazoea.

Mchezo ulipokwisha Rolf aliingia kwenye gari lake la duka, akakaa humo saa nzima, kofia kichwani. Hatimaye nilienda nikagonga kioo. Akateremsha. Hakusema kuhusu mchezo. Aliniuliza kama ninayo anwani yako.

Nilifikiri kwanza. Kisha nikampa. Kama nimekosea, hili nalo liongeze kwenye hesabu yangu.

Arlys


Yuma
5 Juni

Dada yangu Arlys,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji yangu na samaki wake, na kwa Maren. Mimi mzima. Joto limefika kiasi kwamba rubani na yule aliyekuwa mke wake wanakaa nyumba moja, ati kuokoa umeme. Sasa sina ujumbe wa kupeleka, nina muda wa kuandika.

Nilikasirika, sikufichi. Kwa wiki tatu kila asubuhi nilikuandikia, na kila mchana nikachana. Miaka miwili nimelala na kosa ambalo sikulifanya, na wewe ulikuwa na kitabu cha alama kwenye kabati. Kisha siku moja nikajiuliza ningefanya nini kama ungenijia usiku ule ule ukaniambia, Verdell, umeita sawa. Ningekushukuru na ningenyamaza. Nisingekwambia kwamba nilifumba macho. Ningezeeka Nordby nikisifiwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo tumepatana, wewe uliyeona ukasema kinyume, na mimi nisiyeona niliyesema nimeona. Kama kuna mwamuzi wa kutuamua sisi wawili, namwonea huruma.

Barua ya Rolf ilifika Jumamosi. Ni kurasa nne. Tatu zinaeleza lile tukio la kituo cha pili, sekunde kwa sekunde, kama mtu anayejitetea mahakamani. Ya nne ni mchoro. Ameuchora kwa rula: kituo, mkimbiaji, mlinzi wa kituo, yeye mwenyewe, na mishale ya kuonyesha nani alikuwa wapi. Chini kabisa kwenye kona, kwa herufi ndogo hata nikatafuta miwani, ameandika: "Zile simu nilikosa. Sikujua ni hivi."

Nimeuchunguza mchoro ule jioni mbili. Kwa mchoro wake mwenyewe, dada, alikosea. Yule msichana alikuwa salama kwa hatua nzima. Alisimama pembe mbaya, mgongo wa yule mlinzi ukamzibia.

Nimemjibu. Nimemwambia kweli, kwamba alikosea, na nimemchorea mahali alipotakiwa kusimama. Nimemwambia kwamba pale alipokuwa, hata mimi nisingeona. Halafu nikamwambia asijifungie tena kwenye gari, na mchezo ujao avae kofia aende, maana mji hauna mwingine.

Verdell